Matayarisho ya Msimu wa Kuwinda Ayala

Katika jimbo la Wisconsin, upande wa kaskazini wa nchi ya Marekani, zipo siku tisa katika mwaka ambazo huwafanya watu wazima wawe na haraka kama watoto wangojao sikukuu. Siku hizo ni za kuwinda ayala kwa bunduki. Huanza Jumamosi iliyo kabla ya sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, na kumalizika Jumapili iifuatayo sikukuu hiyo. Watu zaidi ya laki tano huingia msituni: wakulima, makarani, mafundi na walimu, wanawake kwa wanaume. Katika jimbo jirani la Michigan msimu huanza tarehe 15 Novemba, iwe siku yoyote ya juma, na huisha tarehe 30.

Ayala ni mnyama ambaye wasomaji wa Biblia wamjua kwa jina, ingawa si mwenyeji wa mapori ya Kenya. Yeye na swala wafanana kwa mbali, lakini wapo tofauti kwa jambo moja kubwa: pembe za ayala dume huanguka kila mwaka na kuota upya, na hali pembe za swala hukaa maisha yake yote. Ayala wa Wisconsin ni wale wenye mkia mweupe chini. Hupenda kula mahindi na maharagwe ya soya, na kwa hiyo mkulima wa huko humtazama kama vile mkulima wa Taita amtazamavyo ndovu: kwa heshima na kwa hasira pamoja.

Siku tisa ni chache. Huenda mwindaji akaketi kwenye baridi tangu alfajiri hata jioni, asipate nafasi ya kupiga ila mara moja tu, nayo isidumu zaidi ya kuvuta pumzi mbili. Katika muda huo mfupi mambo matatu yamo hatarini: mnyama afe upesi bila mateso, jirani aliye nyuma ya vichaka asidhurike, na nyama ifike nyumbani ikiwa safi. Hakuna hata moja katika hayo liwezalo kutengenezwa saa ile ile. Yote hutengenezwa mapema, katika Septemba na Oktoba.

BUNDUKI KWANZA

Mwindaji mwenye busara huitoa bunduki yake kabatini majuma mengi kabla ya msimu. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba haina risasi ndani, kwa jicho na kwa kidole pia, hata kama aliitia kabatini ikiwa tupu. Kisha hutazama ndani ya mtutu. Mdudu aweza kujenga humo, kitambaa cha kusafishia chaweza kusahauliwa, na wakati wa msimu wenyewe matope au theluji yaweza kuingia mwindaji akianguka. Kitu kidogo tu kikiziba njia ya risasi, mtutu waweza kupasuka mbele ya uso wa mwenyewe.

Baada ya kusafisha, mafuta hupakwa kidogo sana. Wengi hukosea hapa, wakidhani kuwa mafuta mengi ni ulinzi mwingi. Novemba huko ni mwezi wa barafu. Mafuta mazito huganda katika vyuma vya ndani, na pini ikapiga fataki pole pole kama mkono wa mgonjwa. Siku ya msimu ifikapo, bunduki husikika ikisema “tik”, na ayala huenda zake.

Tena hukazwa skrubu zote, hasa zile zishikazo darubini ya kulengea. Skrubu iliyolegea kiasi kisichoonekana kwa macho hupotosha risasi inchi nyingi kwa mwendo wa yadi 100.

KUSAHIHISHA SHABAHA

Bunduki iliyopiga sawasawa mwaka jana haina ahadi ya kupiga sawasawa mwaka huu. Imebebwa, imegongwa garini, na mti wa kitako umevimba na kusinyaa kwa unyevu na ukavu. Kwa hiyo ni lazima ipelekwe uwanjani.

Desturi nzuri ni kuanza karibu, yadi 25, kwa karatasi kubwa, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga ili mkono usitikisike. Baada ya hapo huhamia yadi 100. Hupigwa risasi tatu kwa tatu, wala haihukumiwi risasi moja peke yake. Tundu tatu zikikaa pamoja, hata kama ziko mbali na kitovu, bunduki ni nzima na darubini ndiyo ya kurekebishwa. Zikitawanyika, kosa li katika skrubu, katika risasi, au katika bega la mpigaji. Katika darubini nyingi, kila mlio mmoja wa kifundo husogeza shabaha robo ya inchi kwa yadi 100. Kwa yadi 25, basi, milio minne ndiyo ifanyayo robo hiyo hiyo. Asiyejua hesabu hii huzungusha kifundo mchana kutwa na kumaliza risasi zake bure. Yafaa pia kuuacha mtutu upoe kati ya mizunguko, kwa maana msituni risasi ya kwanza ndiyo ya maana, nayo hutoka katika mtutu wa baridi.

Mwisho, mwindaji huondoka kwenye mifuko ya mchanga na kupiga akiwa ameketi, amepiga goti na amesimama. Hapo hujua mpaka wake mwenyewe. Kama kwa yadi 150 hawezi kutia risasi zote ndani ya sahani ya chakula, basi ayala wa yadi 150 si wake.

RISASI NA SIRI ZAKE

Risasi moja nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki chini yake, baruti ndani, na kichwa kiendacho kwa mnyama. Jina la risasi limechorwa juu ya kitako cha ganda, na jina la bunduki limechorwa juu ya mtutu. Majina hayo mawili sharti yawe mamoja. Huko Marekani risasi ya .30-30, iliyotoka mwaka 1895, na ile ya .30-06, iliyopokewa na jeshi mwaka 1906 na kuchukua jina lake katika mwaka huo, zote ni za upana wa sehemu 30 katika mia za inchi. Walakini moja haiwezi kushika mahali pa nyingine. Ya kwanza, ikiwa na kichwa cha greni 150, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu futi 2,400 kwa sekunde. Ya pili, kwa uzito ule ule, karibu futi 2,900. (Greni 7,000 ni ratili moja.)

Bunduki ya zamani ya Winchester ya mwaka 1894, ipendwayo hata leo, hupanga risasi zake katika bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kwa sababu hiyo vichwa vyake hufanywa butu. Kichwa kilichochongoka kikikaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake, mshtuko mmoja waweza kulipua bomba lote.

Wenye bunduki za marisawa wana hatari yao. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya geji 12, huteleza ikakwama ndani ya mtutu bila kuonekana; mtu hudhani hakutia kitu, akatia nyingine nyuma yake, akafyatua. Wengi wameumizwa kwa njia hiyo. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hufanywa ya rangi ya manjano, na ndiyo sababu mwindaji mwangalifu hachanganyi aina mbili katika mfuko mmoja.

Kichwa cha risasi ya ayala huwa cha namna ya kupanuka kiingiapo mwilini, ili mnyama aanguke upesi. Vile vya kijeshi vilivyofunikwa kote hupita kama sindano na kumwacha mnyama akimbie akafe mbali, na majimbo mengi huvikataza. Risasi zinunuliwe za aina ile ile iliyotumika uwanjani, wala zisiachwe mpaka juma la mwisho. Mwaka 2020 na 2021 risasi ziliadimika madukani kote Marekani, na wengi waliochelewa walikuta rafu tupu.

Wapo wajazao risasi zao wenyewe nyumbani. Ni kazi ya mizani, si ya macho. Baruti hupimwa kwa greni kufuata kitabu cha mtengenezaji, chupa moja tu ya baruti ikiwa mezani. Ganda lenye ufa shingoni hutupwa, hata kama ni zuri kwa rangi.

Jambo jipya ni la afya. Lugha ya Kiswahili huita kwa neno moja, risasi, yale madini laini na kile kitokacho bundukini, na kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa la haki. Lakini madini hayo ni sumu. Mwaka 2008, katika majimbo ya North Dakota na Minnesota, nyama ya ayala iliyotolewa sadaka kwa maskini ilipigwa picha za eksirei na kuonekana kuwa na vipande vidogo vya madini hayo, visivyoweza kuhisiwa kwa ulimi. Tangu hapo wawindaji wengi, hasa wenye watoto wadogo, hutumia vichwa vya shaba tupu. Jimbo la California lililazimisha jambo hilo kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Mwenye kubadili kwenda shaba sharti asahihishe shabaha tena, kwa kuwa haitui mahali pale pale.

NGUO ZA KUONEKANA

Wahenga walisema ajali haina kinga. Katika msitu wa Wisconsin neno hilo halikubaliwi. Tangu mwaka 1980 sheria yataka kila mwindaji wa ayala kwa bunduki avae rangi kali ya chungwa, angalau nusu ya nguo za juu ya kiuno, na kofia vivyo hivyo kama amevaa kofia. Mwaka 2016 rangi kali ya waridi iliruhusiwa pia. Mtu huonekana kama moto kati ya miti, lakini jicho la ayala haliitambui rangi hiyo kama binadamu aitambuavyo. Pamoja na mafunzo ya wawindaji, ambayo tangu mwaka 1985 ni lazima kwa kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973, ajali zimepungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi zikilinganishwa na miaka ya 1960.

Chini ya rangi hiyo huvaliwa sufu, tabaka juu ya tabaka. Pamba ikilowa jasho huwa baridi kama mvua. Waketio juu ya miti hujifunga mshipi wa mwili mzima tangu mguu uachapo ardhi, na bunduki, ikiwa tupu, huvutwa juu kwa kamba.

MFUKO NA NYAMA

Katika mfuko huwemo leseni, kisu kikali, kamba ya kuburuta, dira, tochi, viberiti katika kopo lisilopitisha maji, glavu za mpira, chakula, na chai ya moto katika chupa ya thamosi. Nyumbani huachwa karatasi yenye jina la mahali anapokwenda na saa ya kurudi.

Glavu zina sababu yake. Mwezi wa Februari 2002 ulitangazwa Wisconsin ugonjwa wa ayala ulao ubongo na kuwakondesha hadi kufa, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumpata mtu, lakini wakuu wa afya hushauri kutokula nyama ya mnyama aliyepatikana nao. Kwa hiyo wengi hutoa kichwa kipimwe kabla ya kupika. Kila ayala aliyeuawa huandikishwa, kwa simu au kwa intaneti, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ifuatayo.

FAIDA YA KODI

Yafaa kujua pia fedha ziendako. Mwanzoni mwa karne ya 20 ayala wa Marekani walikuwa wamechinjwa kwa biashara hata wakabaki, kwa makadirio, karibu laki tano tu katika nchi nzima. Mwaka 1937 ilitungwa sheria ya kutenga kodi ya bunduki na risasi kwa kazi hiyo ya utunzaji, nayo kodi ya bunduki ndefu na risasi ni asilimia 11, fedha ikirudi kwa majimbo ili kutunza wanyama na makao yao. Pamoja na sheria kali za msimu, ayala sasa hukadiriwa kuwa karibu milioni 30. Kenya ilichagua njia nyingine, ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini katika nchi zote mbili ni wazi kwamba wanyama hawabaki kwa bahati.

Ijumaa ya mwisho ifikapo, mtu aliyejitayarisha hana mbio. Bunduki imo garini ikiwa tupu, kama sheria itakavyo, risasi zimehesabiwa, nguo zimekauka. Wala haiingizi bunduki ya baridi katika nyumba ya moto, darubini isije ikajaa ukungu. Kazi iliyobaki ndiyo ngumu kuliko zote, nayo haiuzwi dukani: kuyaona majani yakitikisika, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, na kungoja mpaka ajue hasa ni mnyama, na ni nini kilicho nyuma yake. Risasi ya .30-06 huweza kwenda zaidi ya maili mbili, na ikishatoka hairudi kuulizwa.