Simu ya Sh60 kwa siku: Zidisha kwanza kabla hujatia sahihi

UKIPITA Luthuli Avenue jijini Nairobi, au ukishuka kwenye steji ya matatu karibu na mji wowote mkubwa nchini, hutakosa kijana mwenye tisheti ya rangi kali, mwavuli na kimeza. Anakuita: “Boss, kuja uchukue simu, unalipa pole pole tu!” Anachotaka ni kitambulisho na malipo ya kwanza. Muda si muda, umeondoka na simu mpya mfukoni.

Mpango huu si mbaya wenyewe. Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo mwaka wa 2020, mteja aliambiwa atoe Sh1,000 kwanza, kisha Sh20 kila siku. Watu ambao hawangeweza kutoa hela zote kwa mkupuo walipata simu ya 4G. Leo M-KOPA, Watu na wengineo wanauza simu kwa mtindo huo huo wa kulipa kidogo kidogo.

Lakini kijana mwenzangu, uchumi ukiwa hivi, kila sarafu inayokutoka lazima ijieleze. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kweli, ila uliza kwanza kibaba hicho ni cha nani.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano. Tuseme simu fulani dukani ni Sh12,000 pesa taslimu. Kwa mkopo, unaambiwa utoe Sh2,500 halafu Sh60 kwa siku kwa mwaka mmoja. Sh60 ni nini? Si ni chapati mbili na chai pale kibandani? Ndivyo tunavyojidanganya.

Sasa zidisha. Sh60 mara siku 365 ni Sh21,900. Ongeza zile Sh2,500 za kwanza, jumla ni Sh24,400. Umenunua simu mbili, ukapewa moja.

Igeuze hesabu hiyo. Una hizo Sh2,500 tayari. Ukiziweka kando, na kila siku ukaongeza Sh60 zile zile, utafikisha Sh12,000 baada ya siku 159, yaani miezi mitano na kitu. Unaenda dukani, unanunua, yako. Siku 206 zinazobaki, yule mwenzako bado analipa.

Bei halisi itategemea kampuni na simu unayotaka. Ndiyo maana usiulize tu “ni ngapi kwa siku?” Uliza: “Nikimaliza, nitakuwa nimelipa ngapi kwa jumla?” Muuzaji akizungukazunguka, toa kikokotoo ufanye mwenyewe.

Wakati mkopo una maana

Kuna mtu ambaye kungoja kutamgharimu zaidi. Kama umepata kazi ya kusafirisha chakula kwa bodaboda na programu ya kampuni haiingii kwenye kabambe yako, simu hiyo ni jembe. Hata ikikuletea faida ya Sh100 tu kwa siku, kuisubiri siku 159 ni kupoteza Sh15,900. Hiyo ni zaidi ya Sh12,400 ulizoongezwa na mkopo katika mfano wetu. Hapo chukua, ulipe, uchape kazi.

Lakini kama simu uliyo nayo bado inapiga, inatuma M-Pesa na kufungua WhatsApp, na unayoitamani ni ya kupigia picha kali zaidi, jiambie ukweli. Hiyo haikuletei kitu kesho asubuhi.

Jambo jingine ni kufungwa kwa simu. Simu nyingi za mkopo huwa na programu inayozifunga ukikosa kulipa. Kibarua kikikauka wiki moja, simu inalala, na pengine ndiyo uliyokuwa ukitumia kutafuta kibarua kingine. Kabla ya kutia sahihi, uliza: inafungwa baada ya siku ngapi? Nikilipa mapema napunguziwa? Ikiibwa, deni linabaki kwangu? Nikirudisha, hela nilizolipa zinaenda wapi?

Jaribu fundi kwanza

Simu nyingi tunazoziita mbovu zimechoka betri tu. Betri huisha nguvu kadiri unavyoichaji. Apple, kwa mfano, inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kwa anayechaji kila siku, hiyo haifiki miaka miwili. Kubadilisha betri kwa fundi unayemwamini ni nafuu kuliko simu mpya.

Simu ikiwa nzito, futa video za magrupu ya WhatsApp na programu usizozitumia. Na usiogope umri wake tu: Oktoba 2023, WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5.0 kwenda juu, na toleo hilo lilitoka 2014.

Ukiamua kununua iliyotumika, bonyeza *#06# uone nambari ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi na risiti. Iwashe, weka laini yako, iunganishe na intaneti ukiwa bado hapo. Simu yenye deni la mtu mwingine inaweza kufutwa kila kitu ionekane safi, kisha ikajifunga tena ikishapata mtandao. Bei ikiwa rahisi mno, jua kuna mtu aliyeacha kulipa mahali.

Na ukinunua mpya, angalia itapata apdeti za usalama hadi lini. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka wa 2024 iliahidi miaka sita. Simu isiyo na ahadi yoyote inaweza kuzeeka deni likiwa bado bichi.

Ficha hela mbali na mkono

Najua utasema: hizo Sh60 nikibaki nazo, nitazila. Ni kweli, na wanaouza kwa mkopo wanalijua hilo. Mkopo hukulazimisha kuwa na nidhamu, kisha unakutoza kwa kazi hiyo.

Basi jilazimishe mwenyewe bila kutozwa. M-Shwari ina akaunti ya kufungia akiba hadi tarehe unayoichagua. Chama nacho ni kizuri: marafiki watano mnaoaminiana, kila mmoja anatoa kiasi sawa kila wiki, mnanunua simu moja baada ya nyingine. Ukikwama wiki moja, mtaongea kama watu.

Jaribu wiki mbili kwanza. Weka kando Sh60 kila siku, bila kuruka hata moja. Ukishindwa kujilipa mwenyewe kwa siku 14, kampuni itakayokudai siku 365 utailipa na nini?