Marielyst: Ufuo wa familia ambao utulivu wake una hadaa

WATALII wengi wanaoitembelea Denmark huishia katika jiji kuu la Copenhagen, wakapiga picha kando ya sanamu ya nguva kisha wakarejea kwao. Wenyeji, nao, shule zinapofungwa mwishoni mwa Juni, hufunganya na kuelekea ufuoni. Mojawapo ya fuo wanazozienzi ni Marielyst, iliyoko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Falster, kusini mwa taifa hilo. Safari ni ya gari moshi hadi mji wa Nykøbing Falster, kisha mwendo mfupi wa basi.

Ufuo wenyewe ni ukanda mrefu wa mchanga mweupe na laini. Maji yake hayana kina kirefu karibu na nchi kavu, na mafungu ya mchanga yaliyo sambamba na ufuo huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajamfikia mtoto anayecheza ukingoni. Hapana majumba marefu ya hoteli yaliyopangwa mbele ya bahari. Kuna vijumba vya likizo, vingi vikiwa vya mbao, vilivyojificha nyuma ya miti.

Msomaji aliyezoea bahari ya Mombasa au Lamu huenda akastaajabia jambo moja. Bahari ya Baltiki, ambayo ndiyo inayopakana na Falster, takriban haina maji kujaa na kupwa. Tofauti ya kina kutokana na mwezi ni ya sentimita chache tu, ilhali pwani ya Kenya maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Sababu ni kwamba Baltiki imezingirwa na nchi kavu na inaungana na bahari kuu kupitia mikono myembamba tu. Kwa sababu iyo hiyo, maji yake yana chumvi kidogo mno. Yana baridi pia: hata Julai na Agosti, joto lake kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 17 na 20, na Mswahili wa Pwani asingetia mguu bila kusita.

Kinachobadilisha kina cha Baltiki, basi, ni upepo. Jambo hili wakazi wa Falster walilijua kwa msiba. Mnamo Novemba 1872, upepo mkali wa magharibi ulivuma kwa siku kadhaa na kuyasukuma maji upande wa kaskazini mashariki wa bahari hiyo. Kisha upepo ukageuka, ukavuma kutoka kaskazini mashariki kwa nguvu za dhoruba, na maji yote yale yakarudi kwa kishindo. Usiku wa kuamkia Novemba 13, bahari ilipanda takriban mita 3 juu ya kiwango chake na kuvifunika vijiji. Watu wapatao 80 waliangamia katika visiwa vya Lolland na Falster.

Baada ya maafa hayo lilijengwa tuta refu la udongo kando ya pwani. Leo familia hulipanda tuta hilo zikiwa na vikapu vya chakula na baiskeli za watoto, pengine bila kufahamu kwamba sehemu ya ardhi iliyo nyuma yake ilikuwa maji hapo zamani, na kwamba hubaki kavu kwa sababu pampu zinafanya kazi. Tuta hilo si kumbukumbu tu. Oktoba 2023, dhoruba nyingine ilizipiga pwani za kusini mwa Denmark, na katika baadhi ya maeneo maji yakapanda zaidi ya mita 2.

Hata hivyo, hatari inayomkabili mgeni wakati wa kiangazi haiji na dhoruba. Huja siku njema. Upepo wa kawaida nchini Denmark hutoka magharibi, na kwa kuwa Marielyst inatazama mashariki, upepo huo hutoka nchi kavu kuelekea baharini. Miti na tuta humkinga aliyeketi mchangani asiuhisi, na maji ya ukingoni hulala shwari kama ya kisimani. Mtoto aliyelala juu ya godoro la kujazwa hewa husukumwa polepole, na mzazi anapoinua macho, godoro limekwisha kulivuka fungu la mwisho la mchanga na kuingia kwenye kina. Ndiyo maana wazazi huonywa waache vyombo hivyo vya hewa nyumbani upepo unapotoka bara.

Katika wiki za kilele cha msimu, fuo kadhaa za Denmark huwa na waokoaji. Bendera yenye nusu nyekundu na nusu manjano humaanisha wapo kazini. Bendera nyekundu tupu humaanisha kuingia majini ni hatari. Aidha, kwenye njia za kuingilia fuo nyingi kumewekwa vibao vya kijani vyenye herufi na nambari. Anayepiga simu ya dharura, 112, hutaja nambari ya kibao ili waokoaji wajue mahali hasa alipo. Mgeni afanye jambo la kwanza kuwa kukikariri kibao hicho, hata kabla ya kutandika mkeka.

Kuhusu ni nani aliye na haki ya kuufikia ufuo, sheria ya Denmark haina utata mwingi. Kila mtu anaruhusiwa kutembea ufuoni kwa miguu, kuketi kwa muda mfupi na kuogelea, hata pale ardhi inapomilikiwa na mtu binafsi, mradi asikae wala kuogelea katika umbali wa mita 50 kutoka nyumba ya kuishi. Tangu 1937 ujenzi umewekewa mipaka karibu na bahari. Awali ukanda huo ulikuwa wa mita 100, na katika miaka ya 1990 sheria ikaupanua hadi mita 300 nje ya miji. Wakazi wa pwani ya Kenya, ambao wamewahi kuona vichochoro vya kuelekea baharini vikizibwa kwa kuta, watautambua uzito wa kanuni hiyo bila kuelezwa.

Mbwa sharti wafungwe kamba ufuoni kuanzia Aprili 1 hadi Septemba 30. Upande wa kusini, eneo la Bøtø, ipo sehemu ambapo watu huota jua bila nguo. Aliye na watoto au wakwe atajua aelekee upande upi.

Kiangazi jua hutua karibu saa nne za usiku, hivyo hapana haraka ya kuondoka. Shule zinapofunguliwa kabla ya Agosti kufika katikati, vijumba vingi huanza kufungwa, ingawa maji bado yana joto la msimu wote.