Kifungu Husomwa, Hakiwindwi

"Mwalimu, nawezaje kujibu maswali bila kusoma kifungu chote?" Kila msimu wa maombi ya vyuo swali hili linanijia, kutoka Kamembe na kutoka ng'ambo ya Mto Ruzizi, Bukavu, kwa vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Huwezi. Nimelijibu mara nyingi mno kwa mdomo, sasa naliandika.

Wanaouza mbinu hii hufundisha hivi: soma swali, pigia mstari neno kuu, kimbiza macho kwenye kifungu mpaka ulione neno hilo, jibu. Hoja yao ni muda. Basi tuhesabu. Vifungu vitatu vya kusoma vya IELTS ya kitaaluma kwa jumla havizidi maneno 2,750 hivi, na muda ni dakika 60. Anayesoma maneno 150 kwa dakika, mwendo ambao hauna haraka yoyote, huvimaliza vyote kabla ya dakika 20. Zinabaki 40 kwa maswali 40. Muda upo. Unaoupoteza ni ule wa kurudi kwenye ukurasa uleule mara kumi kutafuta kitu ambacho hukukisoma.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba watunzi wa mtihani wanaijua mbinu hiyo na wameutengeneza mtihani dhidi yake. Chukua sentensi hizi, nimezitunga kwa Kiswahili ili lugha isiwe kisingizio: "Sambaza, ambao leo hujaa katika masoko ya Kamembe na Bukavu, si samaki wa asili wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950." Sasa amua: kweli, si kweli, au haikutajwa?

Kauli ya kwanza: "Soko la Kamembe lina sambaza wengi kuliko la Bukavu." Mwindaji wa maneno anaona sambaza, Kamembe, Bukavu, soko, anajaza "kweli" na kusonga mbele kwa furaha. Amekosa. Kifungu hakikulinganisha masoko, kwa hiyo jibu ni "haikutajwa". Kauli ya pili: "Dagaa hao waliingia ziwani bila mkono wa binadamu." Hapa anatafuta "dagaa", halipo, anatafuta "binadamu", halipo, anajaza "haikutajwa". Amekosa tena: sambaza ni dagaa, na walioletwa wameletwa na mtu, kwa hiyo jibu ni "si kweli". Kauli zote mbili zilihitaji kueleweka kwa sentensi, na hakuna awezaye kuelewa sentensi kwa kuipita mbio.

Mbinu hii inaaminika kwa sababu huokota majina na tarehe, maswali mepesi, na alama hizo chache humfanya kijana aone anapanda. Kisha anakwama alama zilezile mtihani hadi mtihani, akilipa ada upya na kupanda upya basi la kupitia msitu wa Nyungwe kwenda kufanya mtihani Kigali. Hili linaniuma, kwa sababu fedha hizo mara nyingi ni za ukoo mzima. Ugonjwa wenyewe ni msamiati: watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili kusoma bila msaada mtu anahitaji kujua takriban maneno 98 kati ya kila 100. Mwenye 85 hata afundishwe ujanja gani, anabahatisha.

Kwa hiyo: soma habari moja ya Kiingereza kila siku hadi mwisho, The New Times au The EastAfrican, na uandike kwa sentensi moja mwandishi anadai nini. Jipime kwa mitihani ya mazoezi inayochapishwa na Cambridge, kifungu kimoja kwa dakika 20. Ukimaliza, bila saa, onyesha kwa kidole sentensi iliyokupa kila jibu. Usipoiona, hesabu umekosa hata kama umepata. Jibu maswali yote, kosa halikati alama. Jaza majibu yako papo hapo, sehemu ya kusoma haina dakika za ziada za kunakili. Na kabla ya kulipa, kiulize chuo kinataka IELTS ya kitaaluma au ya jumla, maana vifungu vyake havifanani.