Kuipa Kompyuta Kazi za Kujirudia: Daftari la Wadeni na Malipo ya Simu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa kwamba kazi ya kujirudia ni ile ambayo hatua zake hazibadiliki leo wala kesho, kinachobadilika kikiwa majina na tarakimu tu, na kwamba kuifanya kazi hiyo iwe ya otomatiki ni kuiandikia kompyuta maagizo mara moja, kisha ikawa inayatekeleza yenyewe kila sharti lililowekwa linapotimia. Jambo hilo si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons & Co. ya London, iliyojulikana kwa mikahawa yake ya chai, ilianza kufanya hesabu za biashara kwa kompyuta iliyojiundia yenyewe na kuiita LEO, na hatimaye mshahara wa mfanyakazi mmoja, ambao karani mzoefu aliukokotoa kwa dakika kama 8, ukawa unapatikana kwa sekunde 1.5. Kinachosahauliwa katika habari hiyo ni kwamba Lyons, ambako kazi hizo zilisimamiwa na John Simmons, ilikuwa imetumia miaka mingi kuzichambua shughuli za makarani wake hatua kwa hatua, hata mashine ilipofika ikakuta utaratibu umekwisha kunyooshwa.

Kwa mwenye biashara ndogo mlango ulifunguka mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani walipotoa VisiCalc, programu ya kwanza ya lahajedwali kwa kompyuta ndogo. Lahajedwali ni ukurasa uliogawanywa katika visanduku, ambamo tarakimu ya kisanduku kimoja ikibadilishwa, visanduku vyote vinavyokitegemea hujikokotoa upya. Mengi yanayouzwa leo kwa majina makubwa yanafanywa na lahajedwali ya kawaida, na mfano ufuatao hauhitaji zaidi ya hiyo.

Lichukuliwe duka la jumla linalowapa wauzaji wa rejareja sabuni, unga na mafuta kwa mali kauli, yaani mzigo huchukuliwa leo na fedha huletwa baadaye. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya malipo ya namna hiyo hupitia kwenye simu. Jioni karani hufungua meseji moja baada ya nyingine, humtafuta mlipaji kwenye daftari la wadeni, huweka alama ya vema, kisha huinakili hesabu hiyo hiyo kwenye kompyuta ili mwenye duka aione. Ilhali meseji yenyewe ilikwisha kuja na namba ya muamala, kiasi, jina, tarehe na saa, tena kwa mpangilio ule ule kila mara. Kazi iliyokwisha kufanywa na mashine inafanywa upya kwa mkono, mara mbili.

Dawa yake ni kupakua taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu ikiwa faili, kuiweka kwenye lahajedwali kando ya orodha ya ankara, yaani hati za madai, na kuiagiza programu kwamba namba ya ankara ikifanana na kiasi kikatosha, deni hilo lihesabiwe limelipwa. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu wateja hawalipi kwa kufuata kanuni. Mwenye deni la shilingi 180,000 hutanguliza 100,000. Mwingine hulipia ankara mbili kwa mkupuo. Wa tatu humtuma mpwa wake, ambaye hulipa kwa simu yake mwenyewe, na jina linalofika halimo daftarini kabisa. Malipo ya nusu kompyuta huyamudu ikifundishwa kutoa na kubakiza salio, lakini mpwa hawezi kutambuliwa kwa hesabu yoyote, isipokuwa mteja amezoeshwa kuandika namba ya ankara mahali pa kumbukumbu anapolipa. Kwa hiyo hatua yenye manufaa kuliko zote katika mpango huu haimo ndani ya kompyuta, bali ni mazungumzo na wateja, na hayagharimu kitu.

Makosa ya mashine nayo yana tabia yake. Karani akikosea hukosea mstari mmoja. Programu ikikosea hukosea yote, tena kimya kimya. Namba ya simu inayoanza na 0 ikiingizwa kama tarakimu, lahajedwali huiondoa hiyo sifuri, na mteja aliyekuwepo jana leo haonekani. Tarehe 3/4, ambayo kwa mwenye duka ni tarehe tatu Aprili, husomwa kuwa tarehe nne Machi ikiwa programu imewekwa kwa desturi ya Marekani. Nchini Uingereza, mwaka 2020, watu karibu 16,000 waliokutwa na UVIKO-19 walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa kuwa faili la lahajedwali la muundo wa zamani lina mistari 65,536 tu, na iliyozidi ikaachwa. Kinga ni ya kizamani: jumla ya fedha zilizoingia kwenye simu na jumla iliyogawiwa kwa wadeni, pamoja na zile ambazo mwenyewe hajajulikana, zilinganishwe kila jioni, na zikipishana hata shilingi moja, atafute binadamu.

Lipo pia jambo la kutokabidhiwa mashine hata kama inaliweza, nalo ni kumdai mtu. Meseji ya kumkumbusha mdeni hutumwa yenyewe kwa urahisi mno, ikamfikia mteja wa miaka kumi akiwa matangani, jambo ambalo mwenye duka angelijua na angenyamaza. Aidha, majina na namba za wateja zinalindwa na sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022, hivyo faili lenye orodha ya wadeni si la kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Msomaji mwenye duka anaombwa aandike kwa wiki moja, kwenye karatasi, kila kazi inayorudiwa na dakika inazokula, kabla hajanunua programu yoyote. Orodha hiyo itahitajika katika sehemu ya tatu, itakayohusu hesabu ya bidhaa stoo.