Juu ya Kutunza Vitu na Kuviachilia

Wandugu, kuna fadhila mbili zinazokaa nyumba moja na kugombana. Ya kwanza ni kutumia kidogo: msumari uliopindika twaunyoosha, kopo tupu twaliosha, kanzu iliyopasuka twaishona. Ya pili ni kutaka kuwa na vitu vichache. Basi, mwenye kutunza kila kitu nyumba yake inajaa. Mwenye kutoa kila kitu, kesho atanunua tena kwa bei kali. Tufuate njia gani?

Tutazame Kinsevere, kilometa 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, fasi wanapochimba shaba. Mawe yenye shaba kidogo hayatupwi pamoja na udongo usio na faida. Yanawekwa malundo malundo, na wenye kazi wanajua kila lundo lina shaba ngapi kwa mia. Mwisho wa mwaka 2020 uchimbaji ulisimama kwa muda, lakini kiwanda kikaendelea kutoa shaba kwa kula mawe ya akiba. Akiba ile ina hesabu, tena ina kazi inayoingojea.

Depo yetu haikuwa hivyo. Siku moja ya mwezi wa sita, wakati wa baridi, mama mjane alipiga hodi akaomba blanketi. Tulimjibu: hatuna, mama. Hatukumdanganya, ndivyo tulivyodhani. Mwezi wa nane, tulipotafuta tairi ya kinga, tukakuta blanketi tatu chini ya mifuko mitupu, panya wamekwisha kuzitoboa. Tulizitunza zisipotee, nazo zikapotea. Hata leo tunaona haya kupita mbele ya nyumba ya mama yule.

Wabenedikto, waliofika Katanga mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, wana Kanuni ya karne ya 6 inayojua sana mambo haya. Mtakatifu Benedikto anampa mmonaki kanzu mbili, kwa sababu moja lazima ifuliwe. Akipokea mpya, anarudisha ya zamani mara moja, iwekwe kwa ajili ya maskini. Tena vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kama vyombo vya altare, na abate ashike orodha yake. Kwake ugomvi wa fadhila zile mbili hauko: kitu kinatunzwa vizuri ili kimfikie mwingine kikiwa kizima.

Mapadri wa jimbo hawaweki nadhiri ya ufukara, ni kweli. Lakini Mtaguso, katika hati yake ya Desemba 1965 juu ya mapadri, unawaalika kuushika kwa hiari. Wafrateri, angalieni hapa: anayegawa sufuria yake leo, halafu kesho anaomba sufuria kwa wakristu, hakuwa fukara. Amewabebesha wengine mzigo wake. Na mali ya parokia si yetu kuigawa kwa moyo mwema tu.

Sisi sasa, kila mwezi wa tano, kabla ya baridi, tunatoa vyote vya depo uani pamoja na katekista, maana yeye anajua nani analala bila kitu. Kitu kisicho na kazi kabla ya mwaka kwisha kinatoka. Mwaka huu misumari ilibaki. Blanketi zilitoka zote.