Mtoto Ajifunze Kula kwa Mikono Yake
Mtoto akitimiza miezi 6 huanza kula chakula laini huku akiendelea kunyonya. Mwanzoni hushika kwa kiganja kizima. Apewe kipande kirefu cha nduma au kiazi kitamu kilichoiva hadi kupondeka kwa vidole. Kuanzia takriban miezi 9 huokota kwa kidole gumba na cha shahada. Akatiwe ndizi mbivu au parachichi vipande vidogo. Anawishwe mikono, aketi wima, asiachwe peke yake.

Wazazi wa Kangeta wanaofunga miraa nyumbani wanakumbushwa kufagia vijiti, njugu na bablishi. Vidole vinavyojifunza kuokota havichagui, na vitu hivyo vinaweza kumkwama kooni.

Akifika miezi 12 bila kuokota, apelekwe kliniki na kijitabu chake.