Meza ya Kazi Ikivunjika, Jirani Anageuka Adui

   Mazungumzo yetu ya amani ya leo ni juu ya kazi.

Mtu atauliza: kazi na amani vinakutana wapi? Kwetu Katanga vinakutana mahali pengi. Watu wetu wamepigana kwa jina la kabila, lakini ukichimba chini unakuta pia habari ya mshahara, nyumba ya kampuni na nafasi ya mtoto shuleni. Kwa hiyo tutaeleza jinsi meza ya kuzungumzia kazi ilivyojengwa, jinsi ilivyovunjika, na jinsi inavyoweza kutengenezwa tena.

Kwanza, meza hiyo ni nini? Mfanyakazi akienda peke yake kuomba nyongeza, ni rahisi bwana kumwambia: kama hutaki, njia ile pale. Lakini wafanyakazi wote wakichagua delege wao, wakakaa na bwana na kuandika maneno waliyoafikiana, maandishi yale yanamfunga bwana na yanawafunga wao pia. Hayo ndiyo mapatano ya pamoja. Kazi yake ni kuzuia ugomvi wa mshahara usitoke nje ya kiwanda na kuingia mtaani.

Zamani meza hiyo haikuwapo. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, lakini haikumpa mfanyakazi mweusi nafasi ya kusema. Mwezi wa Desemba 1941, maisha yalipokuwa magumu kwa sababu ya vita, wafanyakazi waligoma. Hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi waliokusanyika uwanjani, na wengi walikufa. Pasipo na meza, bunduki ndiyo inayojibu.

Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni ile, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka uleule sendika zote zikaunganishwa kuwa moja, ile iliyokuja kuitwa UNTZa. Sasa meza ilikuwapo, lakini pande zake mbili zilikuwa chini ya mkubwa mmoja: serikali ilikuwa mwenye kampuni, na chama cha MPR kilikuwa juu ya sendika. Hata hivyo mfanyakazi alijua mlango wa kugonga. Watu walisema kazi ni baba na mama.

Kisha baba huyo akaugua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Katikati ya miaka ile ya 1990 kampuni haikufikisha hata tani 50,000. Mwaka 1990 pia ndipo sheria ya sendika moja ilipoondolewa, na sendika nyingi zikazaliwa. Viti viliongezeka mezani wakati sahani ilikuwa tupu.

Tunajua yaliyofuata. Mwaka 1992 na 1993, siasa ilipowaka, wanasiasa waliwaambia vijana kwamba watu wa Kasai wamekalia kazi za wenyeji. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Kule Likasi na Kolwezi familia zililala kwenye stesheni zikingoja treni, na watoto wengi walikufa njiani. Waliobaki je, walitajirika? Hapana. Mishahara haikurudi, kwa sababu jirani siye aliyeiondoa.

Baada ya vita dunia iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2002 ilitoka sheria mpya ya migodi, kuwavuta wenye mitaji wa nchi za nje. Mwaka uleule ikatoka Sheria mpya ya Kazi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Banki ya Dunia. Wengi walilalamika kwamba walichopewa hakikufika hata deni la mishahara yao.

Leo kazi imerudi, lakini bwana amekuwa mbali. Ruashi ni mtaa wetu, lakini kampuni mama ya mgodi ule iko China. Kinsevere ni ya MMG, yenye ofisi kubwa Australia na wenye hisa wengi China. Tenke-Fungurume ilikuwa chini ya Wamarekani, kisha ikauzwa kwa Wachina tangu mwaka 2016. Bei ya shaba inakatwa kwenye soko la London. Mfanyakazi anaweza kufika kazini Jumatatu akakuta mwenye kampuni amebadilika bila yeye kuulizwa.

Tena, kati ya mgodi na mfanyakazi yuko mtu wa tatu: kampuni ya kati, ile ya sutiretansi, inayokodisha walinzi, madereva, wapishi na mafundi. Mwaka 2017 sheria iliamua kazi hizo ziwe za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Nia ni faida ibaki nchini. Lakini mfanyakazi anabaki na swali: nikidai, nimdai nani? Mgodi unasema: wewe si wetu. Kampuni ya kati inasema: mgodi umetulipa kidogo. Na mapatano yaliyoandikwa mgodini mara nyingi hayamfikii yeye.

Hapa ndipo hatari kwa amani. Tuchukue mfano. Baba amekimbia vita, ametoka Mitwaba, Pweto au Kasai. Ana watoto watano na hana shamba. Akiitwa kazini kwa nusu ya mshahara, atakubali, kwa sababu njaa haina majadiliano. Mwenyeji aliyekuwa akidai mshahara mzima anaambiwa aende nyumbani. Jioni mtaani anasema: wageni wametunyang'anya kazi. Lakini aliyepata faida si mgeni wala mwenyeji. Ni yule aliyewalipa nusu.

Dawa ni kuwalipa wote wawili sawa, na sheria inasema hivyo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inasema kwamba kazi ikiwa sawa, ujuzi ukiwa sawa na matokeo yakiwa sawa, mshahara uwe sawa, bila kutazama asili ya mtu. Mambo mengine matatu tuyashike.

Moja: kibarua aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo, ndugu, andika siku zako kwenye daftari.

Mbili: mwenye shauri na bwana wake apite kwanza kwa inspekta wa kazi, ambaye anawaita pande zote mbili kupatana. Wasipopatana, shauri linakwenda mahakamani.

Tatu: ugomvi wa wafanyakazi wengi pia unaanza kwa inspekta, kisha unakwenda kwa wasuluhishi. Mgomo ni halali njia hizo zikiisha. Mgomo uliopita njia hizo una nguvu; ghasia zinampa bwana sababu ya kuita polisi.

Ninyi wa sendika, msingoje wafanyakazi wenye kontra nzuri peke yao. Nendeni kwa walinzi na wapishi wa kampuni za kati, mwombe mapatano yawafikie na wao. Siku ya kuchagua delege, tafuteni mtu anayesikilizwa na makabila yote. Delege wa kabila moja, bwana anamnunua kwa bei ndogo.

Ninyi wakubwa wa mitaa, mkisikia neno "wanachukua kazi yetu", msilipeleke kwenye mkutano wa kabila. Ulizeni kwanza: nani amewaajiri, kwa faranga ngapi, na kwa kontra gani? Kisha mchukue mwenyeji na mgeni, waende pamoja kwa inspekta. Watu wawili waliosimama pamoja mbele ya dai moja hawachomeani nyumba kwa urahisi.

Nanyi mliokimbia makwenu, kukubali kazi si kosa. Lakini ulizeni wenzenu wanalipwa kiasi gani, na jiungeni nao. Mshahara wa nusu unalisha watoto leo, na kesho unaweza kuwaletea moto.

Shaba itakwenda ng'ambo, na bei yake itapanda na kushuka kwa amri ya watu tusiowajua. Jirani yako atabaki hapa.